Kabla Hujaipenda V8: Namna ya Kusoma Vipimo vya Lexus LC 500

Karatasi ya vipimo vya gari la kifahari huandikwa na watu wawili: mhandisi na muuzaji. Mhandisi ameweka namba alizopima. Muuzaji amechagua ipi ikae juu kwa herufi nene na ipi ijibanze chini. Kazi yako wewe msomaji, uwe unataka kununua au unatafuta tu hoja za kubishania kijiweni, ni kuzipanga namba hizo upya kwa namna inayokufaa. Namba ya nguvu za farasi, ambayo kila tangazo huanza nayo, ningekushauri uiweke nyuma ya nyingine nne: torki, uzito, uwiano wa gia na tairi.

Mfano wetu ni Lexus LC 500, gari la milango miwili lenye injini ya V8. Nimelichagua kwa sababu lina usukani wa kulia na hupatikana kwenye minada ya magari yaliyotumika huko Japani, kwa hiyo lina njia ya kweli ya kufika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam. Sababu nyingine ni kwamba injini yake ni ya ukoo unaoisha: V8 kubwa inayovuta hewa yenyewe, bila turbo. Ukishaweza kusoma karatasi ya injini kama hii, zile za BMW, Mercedes-Benz na Bentley zenye turbo hazitakusumbua.

Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza Detroit, Januari 2016, likiwa limetokana na gari la maonyesho la LF-LC lililooneshwa katika mji huohuo mwaka 2012. Liliingia sokoni 2017. Mhandisi wake mkuu alikuwa Koji Sato, ambaye Aprili 2023 alikuja kuwa rais wa kampuni nzima ya Toyota. Kiwanda chake ni Motomachi, palepale yalipoundwa yale magari 500 ya Lexus LFA.

Injini kwanza, nguvu baadaye

Tafuta mstari wa injini. Utakuta 2UR-GSE, V8, cc 4,969, kipenyo cha silinda mm 94.0, mwendo wa pistoni mm 89.5, mgandamizo 12.3 kwa 1. Toa simu yako, fungua kikokotoo. Nusu ya kipenyo mara yenyewe, mara 3.1416, mara mwendo wa pistoni, mara silinda nane. Ukifanya hesabu kwa sentimita utapata 4,969. Zoezi hili ni la dakika moja, na lina faida: matangazo mengi hunakiliwa hovyo kutoka gari moja kwenda jingine, na pale ambapo kipenyo na mwendo wa pistoni havileti cc zilizoandikwa, huna sababu ya kuamini mistari mingine.

Angalia sasa kwamba kipenyo ni kikubwa kuliko mwendo wa pistoni. Maana yake pistoni haisafiri mbali kila inapopanda na kushuka, kwa hiyo injini inaweza kuzunguka kwa kasi kubwa bila kujiumiza. Ndiyo maana mstari mwekundu wa LC 500 uko kwenye mizunguko 7,300 kwa dakika, kiwango kikubwa kwa injini ya karibu lita tano. Injini za malori kwa kawaida hupangwa kinyume chake, pistoni ikienda mwendo mrefu, kwa sababu lori halina haja ya kupiga kelele juu huko. Linataka kuvuta kutoka chini.

Mgandamizo wa 12.3 ndio unaopaswa kukupeleka kituo cha mafuta na swali. Hewa na petroli vikibanwa kiasi hicho hupata joto, na petroli yenye okteni ndogo huwaka kabla ya wakati wake. Mafundi husema injini inagonga. Japani gari hili hutakiwa kutumia petroli ya daraja la juu, si ile ya kawaida. Ukilinywesha petroli dhaifu halitakufa kesho yake, kwa kuwa lina sensa zinazosikia kugonga na kuichelewesha plagi. Lakini plagi ikichelewa, nguvu hupungua, na hakuna taa itakayowaka kukuambia. Utakuwa umelipia V8 na kuendesha kitu pungufu. Uliza kituoni okteni ya kila pampu, nunua iliyo juu kabisa, na uweke bei yake kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo la siri zaidi kwenye mstari wa mafuta: herufi D-4S. Zina maana kwamba kila silinda ina nozeli mbili, moja ikinyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na nyingine ikinyunyiza kwenye njia ya hewa kabla ya valvu. Injini zinazotegemea nozeli ya ndani peke yake huwa na tabia ya kuota masizi mgongoni mwa valvu za hewa, kwa sababu hakuna petroli inayopita kuziosha. Hapa zinaoshwa. Kwa mtu anayenunua gari lililotumika, kipengele hiki kina thamani kuliko mbwembwe zote za dashibodi.

Halafu herufi V yenyewe. Silinda nane zimegawanywa nne upande huu, nne upande ule, na pande hizo mbili zinaachana kwa nyuzi 90. Pembe hiyo haikuchaguliwa kwa sura. Krankshafti ya injini ya namna hii huzunguka mara mbili ili kila silinda iwake mara moja, yaani nyuzi 720. Gawanya kwa nane: silinda moja huwaka kila nyuzi 90. Kwa hiyo pembe ya V na mpigo wa injini vinaafikiana, na mitetemo mingi hufutana yenyewe. Kwa V6 mpigo sawa ni kila nyuzi 120, ndiyo maana V6 nyingi nzuri hujengwa kwa pembe ya 60. Kupanga silinda kwa V pia hufupisha injini. Nane zikiwekwa kwenye mstari mmoja zingedai boneti ndefu mno, lakini zikigawanywa, injini nzima inakuwa na urefu unaozidi kidogo tu ule wa silinda nne.

Na ule mngurumo unaowafanya watu wageuze shingo? Silinda za kushoto na kulia hazipokezani kwa zamu kamili. Kuna wakati upande mmoja huwaka mara mbili mfululizo kabla ya upande mwingine kupata zamu. Ekzosi ya kila upande hupokea mapigo yasiyo na nafasi sawa. Sauti hiyo inatokana na umbo la krankshafti, na hakuna spika inayoiiga vizuri.

Farasi 477, 471 au 464?

Katalogi ya Japani inasema LC 500 ina 477. Ya Marekani inasema 471. Ya Ulaya inasema 464. Kijiweni watu wanaweza kugombana usiku kucha juu ya hili, ilhali mbili za kwanza ni nguvu ileile. Wajapani na Wajerumani hutumia kipimo kinachoandikwa PS, Wamarekani hutumia hp, na kilowati moja ni PS 1.36 lakini ni hp 1.34 tu. Kilowati 351 ndizo zinazotoa 477 na 471. Ile ya Ulaya ni tofauti ya kweli: kilowati 341, kwa sababu gari la soko lile limepangwa kwa masharti mengine ya moshi na upimaji. Kwa hiyo ukilinganisha magari mawili, geuza kila kitu kuwa kilowati kwanza. Vinginevyo unalinganisha shilingi ya Kenya na ya Tanzania kwa kuwa zote zinaitwa shilingi.

Kwa wapenzi wa magari ya zamani kidogo ya Japani, kumbuka pia kwamba hadi mwaka 2004 watengenezaji wa kule walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya PS 280 kwa soko la ndani. Ukikuta magari mengi ya enzi ile yote yanasema 280, si sadfa. Makubaliano hayo yamekwisha, ila kizuizi cha kilomita 180 kwa saa bado ni cha kawaida kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko hilo. Kwa hiyo ile kasi ya juu ya kilomita 270 kwa saa inayotajwa kwa LC 500 ni ya magari ya masoko ya nje. Sidhani kama utaikosa.

Sasa torki, namba ninayokuomba uipe heshima. Torki ni nguvu ya kuzungusha, nayo hupimwa kwa Nm. LC 500 ina Nm 540. Farasi ni hesabu tu inayotokana na torki na kasi ya mzunguko: zidisha torki kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Hakuna mashine inayopima farasi bila kupitia hesabu hiyo.

Jambo la kuangalia ni mizunguko ambako torki hiyo inapatikana. Kwa LC 500, Nm 540 hufika kwenye mizunguko 4,800, na kilowati 351 hufika kwenye 7,100. Lilinganishe na BMW M850i ya milango miwili, iliyoanza kuuzwa 2018: V8 ya lita 4.4 yenye turbo mbili, PS 530, Nm 750 kuanzia mizunguko 1,800 hadi 4,600. Kwa juujuu, tofauti ya farasi ni 53 tu. Lakini fanya hesabu karibu na mizunguko 4,600 na 4,800. BMW pale inatoa kilowati 361, Lexus inatoa 271. Hiyo ni tofauti ya farasi zaidi ya mia moja, kabla injini ya Lexus haijakaribia mstari wake mwekundu. BMW hukupa nguvu ukiigusa. Lexus hukupa ukiidai, kwa kukanyaga mafuta na kuiacha ipande.

Mimi binafsi napenda ya pili. Injini inayopanda taratibu na kuongeza kelele kadiri inavyopanda inamfanya dereva ajue yuko wapi. Lakini ukinunua gari la kukupitisha malori mlimani bila kushusha gia tatu, ukweli ni kwamba turbo itakufaa zaidi.

Nairobi si Mombasa

Hapa ndipo karatasi ya vipimo hupotosha wasomaji wetu wa nyanda za juu kuliko mahali pengine popote, na sijui kwa nini jambo hili halisemwi.

Nguvu zinazoandikwa kwenye katalogi hupimwa, au hurekebishwa kwa hesabu, kana kwamba gari liko karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari, Kigali zaidi ya 1,500. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini inayovuta hewa yenyewe huingiza kile inachokikuta. Kwa urefu wa Nairobi hewa hupungua uzito kwa kiasi cha asilimia 15 hadi 18, na nguvu hupungua karibu vivyo hivyo. Chukua asilimia 17: kilowati 351 zinabaki takribani 291. Farasi 477 wa PS wamekuwa 396. Huna la kumlaumu fundi, na kubadilisha plagi hakutawarudisha.

Injini ya turbo hupata hasara ndogo zaidi, kwa kuwa turbo inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kusukuma ndani hewa iliyokosekana, mpaka ifikie kikomo chake. Kwa hiyo lile pengo kati ya BMW na Lexus tulilolikokotoa hapo juu linazidi kupanuka ukitoka Mtito Andei kupanda bara. Pwani, kinyume chake, LC 500 ni mzima kabisa. Joto la Mombasa hunyofoa asilimia moja au mbili tu. Mkazi wa Tanga, Dar au Muscat anaweza kusoma karatasi kama ilivyo. Mkazi wa Limuru apunguze kabla ya kufurahi.

Gia kumi na sekunde 4.7

LC 500 ina giaboksi ya otomatiki ya gia kumi. Usivutwe na idadi. Vutwa na uwiano: gia ya kwanza 4.923, ya pili 3.153, ya saba 1.000 kamili, ya kumi 0.598, na uwiano wa mwisho kwenye difu 2.937. Ukiwa na namba hizi na kipimo cha tairi unaweza kuliendesha gari kwenye karatasi.

Tairi za nyuma za rimu kubwa ni 275/35 R21. Tairi hiyo ikizunguka mara moja husogea takribani mita 2.28. Gawanya mizunguko ya injini kwa uwiano wa gia, kisha kwa 2.937, zidisha kwa 2.28, zidisha kwa 60, na ugawe kwa elfu. Unapata kilomita kwa saa.

Gia ya kwanza kwa mizunguko 7,100 inafika kilomita 67 kwa saa. Ya pili ikifika mstari mwekundu iko karibu na 108. Kwa hiyo kutoka sifuri hadi 100 gari linabadilisha gia mara moja tu, na hilo halikutokea kwa bahati. Wahandisi wanajua namba ipi itapimwa. Upande wa pili, gia ya kumi kwa kilomita 100 kwa saa inaiacha injini ikizunguka takribani mara 1,300 kwa dakika, karibu imelala. Hapo ndipo petroli inaokolewa, na hapo pia ndipo utagundua kwamba ukitaka kupita gari lililo mbele, giaboksi italazimika kushuka gia kadhaa kabla ya kitu chochote kutokea. Jifunze kutumia vibao vya gia vilivyo nyuma ya usukani. Shusha gia mwenyewe kabla ya kutoka kwenye mstari wako, usiingoje kompyuta ikufikirie.

Kuhusu zile sekunde. Ulaya hutaja 4.7 kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa. Marekani hutaja 4.4. Usidhani gari la Marekani lina kasi zaidi: wao hupima hadi maili 60, ambazo ni kilomita 96.6, na wapimaji wengi wa kule huanza kuhesabu baada ya gari kusogea futi moja. BMW M850i hutajwa kwa 3.7. Sekunde nzima ya tofauti, na sehemu yake inatokana na magurudumu manne kusukuma badala ya mawili. Lexus inasukumwa na ya nyuma peke yake.

Uzito nao husomwa kwa tahadhari. Katalogi ya Japani inataja takribani kilo 1,940, bila dereva. Katalogi za Ulaya mara nyingi huongeza kilo 75 za dereva na mzigo mdogo, kwa hiyo magari mawili yenye uzito mmoja yanaweza kuonekana tofauti. Kilo 1,940 kwa PS 477 ni kilo nne na kidogo kwa kila farasi. Ongeza watu wawili wazima na mabegi, tuseme kilo 180, halafu lipeleke gari Nairobi na farasi wake 396. Sasa ni kilo 5.35 kwa farasi. Hiyo ndiyo namba ya gari utakaloliendesha, na hutaikuta katika katalogi yoyote.

Tairi, matuta na breki

Rudi kwenye 275/35 R21. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo ambayo ni kimo cha ubavu wa tairi, ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 35 ya 275 ni mm 96. Huo ndio mto pekee kati ya rimu ya bei kali na shimo la barabarani. Toleo la rimu za inchi 20 lina 275/40 nyuma, yaani ubavu wa mm 110, na 245/45 mbele, ambao nao ni mm 110. Kipenyo cha nje hubaki karibu kilekile, kwa hiyo mwendokasi unaosomeka hauharibiki. Picha za mnada zitakuonesha inchi 21 zikimeta. Nunua 20. Kwa barabara zetu sioni hata hoja ya upande wa pili.

Tairi hizi ni za aina inayoweza kutembea bila upepo, kwa kawaida si zaidi ya kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa, na gari halina tairi la spea. Kabla ya safari ya Mombasa kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 480, jiulize kama duka lililo karibu nawe lina saizi hiyo. Na kwa kuwa za mbele na nyuma hazilingani upana, huwezi kuzihamisha mbele kwenda nyuma ili ziishe sawasawa.

Kimo kutoka ardhini ni takribani sentimita 14, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna sentimita 287. Namba hizi mbili zisome pamoja. Gari lenye ekseli zilizoachana sana na tumbo la chini hukwama kwenye tuta katikati, hata kama pua imepita salama. Matuta yaliyojengwa kwa kukisia, yale ya mitaani yanayowekwa na wakazi wenyewe, ndiyo adui. Pima tuta la mtaani kwako kwa rula kabla ya kulipa, si utani.

Breki za mbele ni diski za mm 400 zenye kalipa za pistoni sita, na za nyuma mm 359 zenye pistoni nne. Ni kubwa kwa sababu nguvu ya mwendo hukua kwa mraba: kusimamisha gari hili kutoka kilomita 200 kunadai kazi mara nne ya kulisimamisha kutoka 100. Ukubwa huo una bei. Uliza gharama ya diski na pedi kabla ya kuuliza gharama ya rangi.

Petroli, na ndugu yake wa V6

Kipimo cha serikali ya Marekani kinalipa LC 500 lita 12.4 kwa kilomita 100 kwa mwendo wa mchanganyiko, 14.7 mjini na takribani 9 barabara kuu. Tangi ni lita 82. Usiitumie namba ya katalogi ya Japani kupanga safari yako. Kipimo chao cha zamani cha JC08 huwa karimu. Na ukitoka pwani kupanda bara, kuinua kilo elfu mbili na zaidi kwa mita 1,700 peke yake kunakula lita tatu au nne zaidi ya zile za tambarare. Foleni ya Thika Road sijaitia kwenye hesabu.

Kuna toleo la LC 500h, mseto wa petroli na umeme. Lina V6 ya cc 3,456 yenye PS 299, na ikisaidiwa na mota jumla ni 359. Kwa kipimo kilekile cha Marekani linatumia chini ya lita 8. Ni gari la busara, halina mvuto uleule wa masikio. Ila usidhani litakukwepesha ushuru: mahali ushuru unapopangwa kwa ukubwa wa injini, V6 hii nayo imevuka cc 3,000. Mkalishe wakala wa forodha akufanyie hesabu zote mbili kwa maandishi kabla ya kutuma pesa. Mkenya akumbuke pia sharti la umri usiozidi miaka 8, ambalo linafunga mlango kwa magari ya mwanzo ya 2017.

Ukishaamua kuagiza

Omba nambari ya modeli kwenye cheti cha Japani. LC 500 ni URZ100, na LC 500h ni GWZ100. Herufi hizo haziongopi kama nembo ya nyuma inavyoweza kuongopa. Kisha uliza kifurushi. Kile cha S huja na paa la kaboni, magurudumu ya nyuma yanayopinda, usukani unaobadili uwiano, difu ya Torsen, bawa la nyuma linaloinuka kwa kasi, na rimu za inchi 21. Vyote vinapendeza, vingi pia vinaweza kuharibika mbali na fundi anayevijua. Kile cha L, chenye paa la kioo na ngozi, kinatosha. Ndani, viti vya nyuma ni vya mabegi zaidi kuliko watu, na hilo ni afadhali, kwa sababu buti lina lita 197 tu.

Karatasi ya mnada isomwe na mtu asiye muuzaji. Daraja 4.5 ni gari zuri. Herufi R au RA zinasema limewahi kugongwa na kukarabatiwa. Kwa injini, 2UR-GSE ina rekodi ndefu. Ilianza na IS F mwaka 2007 ikiwa na PS 423, ikapita kwenye RC F na GS F, kwa hiyo vipuri na maarifa vipo, hata kama ni vya kuagiza. Omba video ya injini ikiwashwa ikiwa baridi, boneti wazi, kamera ikitazama katikati ya V. Mle ndani hukaa joto, na alama za maji ya kupozea yaliyokauka zikionekana, uliza kabla ya kuendelea. Sikiliza pia giaboksi ikihama kutoka R kwenda D. Ihame bila kishindo.

Mwishowe omba picha za ubavu wa tairi zote nne, ambapo pana tarakimu nne ndani ya duara refu. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa na zaidi ya miaka sita, toa bei ya seti mpya kwenye bei unayompa muuzaji, hata kama meno yake bado ni marefu.